Bastola ya Kupigia Makopo

Baba alipopata nafuu ya kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka. Haukutetemeka sana. Ungeweza kuongea naye muda mrefu usigundue, mpaka apewe kikombe. Hapo kikombe na kisahani vilianza kugombana, na sisi wote sebuleni tuligeuza macho ukutani kana kwamba kuna picha mpya imetundikwa.

Sijui nani alimwambia kwamba kulenga shabaha kunatuliza mkono. Nadhani alijiambia mwenyewe. Zamani, alipokuwa akifanya kazi reli, yeye na wenzake wachache wa stesheni walikuwa wakienda Jumapili kwenye machimbo ya mawe nyuma ya vilima kupiga shabaha, na baba alikuwa hodari. Bastola ilikuwa ya bwana mkubwa wao. Bwana mkubwa alipohamishwa, bastola ilipanda treni pamoja naye na mchezo ukafia pale. Sasa amestaafu, mkono umemgeuka, na baba akaamua kwamba dawa yake ni bastola ndogo ya kupigia makopo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba dunia nzima inaikimbia bunduki, mume wake peke yake ndiye anayeitafuta.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya ziwa. Ukiteremka ufukweni Bangwe asubuhi ulikuta boti limeshusha watu, wamekaa mchangani na magodoro na masufuria, wanatazama kule walikotoka kana kwamba wamesahau kitu kwenye jiko. Mama mdogo wangu aliletwa na boti la namna hiyo. Mumewe na mwanawe walibaki kuuza mbuzi waliobakia, wakamwambia atangulie, watafuata.

Mama na mdogo wake ni wa tumbo moja. Bibi alimzaa mama Ujiji, na alipokuwa mjamzito tena akavuka ziwa kwenda kumuuguza mama yake, ndiyo maana mdogo akazaliwa ng'ambo na kuolewa huko huko. Basi. Hakuna sababu nyingine. Siku zote hizo ilikuwa habari ya kuchekea kwenye harusi, nani alizaliwa ukingo upi, mpaka ilipotolewa amri kwamba kila anayetoka ng'ambo aende kambini. Amri hiyo tuliijua sote. Na kila nyumba kutoka Katonga, ufukwe wa wavuvi, hadi Ujiji ilikuwa na shangazi au binamu anayefagia uani, ambaye hakuna jirani aliyemuuliza amefika lini. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alikuwa na wawili kwake, wakwe zake. Mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na aliliomba kwa sauti ili sote tuitikie: mdogo wake asipelekwe kambini.

Kuhusu hilo baba hakuwa na uwezo wowote. Hakuwa na mtu wa kumwendea wala neno la kusema ofisini. Nafikiri ndiyo maana aliishika ile habari ya bastola kwa nguvu zote. Kwenye bastola angalau kulikuwa na jambo la kuamua.

Rafiki yake mwenye duka Ujiji, mmoja wa wale wa machimboni, alikuwa na bastola yake nyeusi ya halali, na ndugu yake wa Dar es Salaam alimtumia kwa treni kitabu cha picha cha muuza silaha. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kusoma ilikuwa yangu. Mimi ni fundi cherehani. Mchana nilikuwa sokoni Mwanga, barazani kwa duka la vitambaa, napunguza viuno vya suruali za mtumba. Jioni nikawa mtaalamu wa silaha. Sikujua nusu ya maneno, nikawa nakisia kutoka kwenye picha, na baba akinisahihisha kwa hasira ya mtu ambaye naye hana hakika.

Nilijifunza hivi. Kuna risasi ambazo nyundo ya bastola huzigonga katikati ya kitako, na hizo ndizo kubwa, za polisi na za vita. Na kuna zile nyembamba kama kipande cha penseli, ambazo nyundo huzigonga pembeni, kwenye ukingo wa kitako, kwa sababu baruti ya kuwashia imewekwa kwenye ukingo huo. Hizo zina mlio mdogo na hazirushi mkono. Baba alitaka hizo. Alilieleza jambo hili kwa kila aliyepita kibarazani kwetu, kwa sauti ya juu, maana aliona aibu kudhaniwa kwamba anataka silaha ya kuulia. Hata mchuuzi wa samaki, yule wa migebuka, aliijua tofauti ya ukingo na katikati.

Ikabaki kuchagua. Ya silinda inayozunguka, au ya kujipakia yenyewe yenye risasi ndani ya mpini? Ya silinda haiwezi kukwama, lakini kifyatulio chake ni kizito, na kidole cha baba kilikuwa kwenye mkono ule ule. Ya kujipakia ni laini, lakini ukiipa risasi za hovyo inazitapika na kukwama. Mtutu mfupi ni mwepesi, mrefu unatulia. Nilichukua futi yangu ya kupimia nguo nikampima kiganja, upana na urefu mpaka ncha ya kidole cha shahada, tukalinganisha na vipimo vya kitabuni. Mama alitupita na sinia la mchele akasema hata gauni la harusi yake halikupimwa hivyo.

Mama mdogo alikaa mkekani siku hizo zote bila kusema. Alikuwa ametoka mahali ambapo alikuwa ameziona silaha za kutosha, na mimi niliogopa kwamba picha zile zinamuumiza. Jioni moja akanyoosha shingo, akauliza.

"Shemeji, hii inapiga nini?"

"Makopo," baba akasema.

"Makopo tu?"

"Makopo tu. Yale ya mafuta ya kula."

Makopo hayo aliyajua. Yalikuwa yanatoka kambini na mafuta ya msaada, yanauzwa Mwanga matupu, mafundi wanayageuza vibatari na mikebe ya kuchotea maji. Alimtazama baba, akatazama picha, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akajifuta machozi, akaanza upya. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu afike. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini, na alipoona akakaa chini kabisa, pale mlangoni, akawa anamtazama mdogo wake tu.

Kuanzia jioni ile mama mdogo akaingia kwenye baraza la uchaguzi, na sauti yake ikawa ndiyo kubwa. Hakujua kusoma Kiingereza wala hakukihitaji. Alizikataa zote nyeusi, akasema hizo zinafanana na zile za kule. Akachagua moja ya kujipakia, mtutu mrefu mwembamba, mpini wa mti wa rangi ya chai, umechongwa mifereji ya vidole. Alisema inafanana na kisu chake cha kuparia samaki alichokiacha kwake, ambacho mumewe alimtengenezea mpini.

"Nunua hii ya mti, shemeji. Hii haina ubaya."

Baba akasema mpini ni mpana kidogo kuliko kipimo changu. Mama mdogo akasema mti unachongwa.

Rafiki wa Ujiji alikubali baba ajaribu kabla hajaamua. Tukaenda machimboni asubuhi ya Jumapili, watatu, tumebeba makopo kwenye gunia. Machimbo yale yana ukuta wa udongo mrefu kuliko nyumba, risasi haina pa kwenda. Mzee yule alipanga makopo juu ya jiwe, akakagua kushoto na kulia, akaturudisha nyuma yake, akampa baba bastola mtutu ukitazama ukuta. Baba aliishika kwa mikono miwili. Ilitetemeka, nikaona aibu nikatazama makopo. Lakini alipovuta pumzi na kufumba jicho moja, mkono ulitulia. Sitii chumvi. Ulitulia kama mkono wa mtu anayesikiliza kitu. Mlio ulikuwa mdogo, kama ubao mkavu uliovunjwa gotini, na kopo likaanguka. Akapiga la pili likaanguka. La tatu akalikosa, akacheka, na alipoishusha bastola mkono ukarudi kwenye kutetemeka kwake. Alinitazama kuhakikisha kwamba niliona. Niliona.

Tulirudi na makopo yenye matundu, na mama mdogo akayachukua yote. Alitia udongo na mbegu za mchicha, akasema matundu yameshatobolewa vizuri, maji yatapita.

Sasa ilibaki leseni. Kuna jirani alikuja kumnong'oneza baba kwamba hakuna haja ya kusumbuka, vitu vinavuka ziwa kila siku ndani ya magunia ya dagaa, achague tu ukubwa. Baba alimfukuza kibarazani. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kwake kupanda bila tiketi na kuiba ng'ombe ni jambo moja. Akaomba leseni kwa njia iliyonyooka. Akaambiwa lazima awe na sanduku la chuma lililofungwa ukutani, lenye kufuli mbili, na afisa atakuja kukagua nyumba. Akamwita fundi wa kuchomelea, sanduku likatengenezwa, likafungwa chumbani kwa nondo. Akapaka na chokaa chumba kizima. Nyumba ilinuka chokaa na sherehe.

Hakuna aliyewaza zaidi ya sanduku, na ukitaka kulielewa hilo lazima uwe umekulia kwetu. Tungemficha mama mdogo dhidi ya nani, wakati hatukuwa tumemficha hata siku moja? Alikuwa anakwenda sokoni Mwanga, anakwenda msibani, anateremka Katonga kila boti zinaporudi kuulizia habari za mumewe na mwanawe kwa wavuvi. Kwetu mgeni hafichwi. Haulizwi tu.

Afisa alikuja siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawafuati karabai, basi maboti yanapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala. Katonga hakuna wa kumuuliza habari. Siku nyingine yoyote saa zile mama mdogo angekuwa huko. Siku ile alikuwa nyumbani, anamwagilia mchicha wake kwenye makopo.

Afisa alikuwa kijana mpole, amehamishiwa kwetu si muda mrefu, lafudhi yake ya mbali. Alimwamkia baba shikamoo kabla ya kuvua kofia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja naye. Walikagua sanduku, afisa akalitikisa, akasifu kazi ya fundi. Akauliza kwa nini mzee anataka silaha, na baba akamweleza ukingo na katikati, na mkono, na makopo. Yule kijana alitabasamu. Tukakaa sebuleni. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kwa sababu baba alisema ana ugeni, akaleta chai, akapiga goti kidogo, akasema, "Karibu chai, baba," akarudi uani. Kukaa ndani bila kumsalimu mgeni kungekuwa ukosefu wa adabu.

Afisa akanywa. Kisha akauliza swali la mwisho: watu wanaolala nyumba hii ni nani na nani, maana silaha haikai na watu wasiojulikana.

Baba alikaa sawasawa. Alikuwa ameulizwa jambo analolijua. Akahesabu kwa vidole vya mkono ule unaotetemeka: yeye, mama, mimi, "na shemeji yangu huyu aliyekuletea chai, yeye ametoka ng'ambo mwaka huu."

Alilisema kama mtu anavyosema ametoka sokoni. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akaanza kutazama viatu vyake. Afisa aliweka kikombe chini taratibu. Nakumbuka kwamba hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekabidhiwa mzigo njiani na mwenye mzigo akaondoka.

"Mzee wangu," akasema, "ungeniacha nisijue."

Baba hakuelewa mara moja. Niliona akielewa, uso wake ukishuka polepole. Akasema ni ndugu wa damu na mke wake, baba mmoja mama mmoja. Afisa akasema anaamini. Baba akasema basi aliache hilo ombi la leseni, alichane, yeye hataki tena bastola. Afisa akasema bastola na hili ni mambo mawili tofauti, na kwamba yeye sasa ameambiwa mbele ya shahidi, na kesho akiulizwa hawezi kusema hakuambiwa. Aliomba samahani. Alimwomba baba samahani, kisha akatoka uani akamwomba mama mdogo samahani, akiwa amesimama katikati ya makopo ya mchicha. Ningeweza kumchukia kama angepiga kelele. Hakunipa hata hilo.

Tulipewa siku za kujiandaa. Mwenyekiti alijaribu, namshukuru, alikwenda ofisini na kurudi. Mzee wa Ujiji alikwenda na kurudi. Baba alikwenda na kukaa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, akarudi, asubuhi akaenda tena. Walimheshimu sana. Walimpa kiti. Hakuna aliyemkaripia na hakuna aliyemsaidia, kila mmoja alimwonyesha mlango wa mwenzake.

Mama hakumlaumu baba hata kwa neno, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimbembeleza mama, kwa Kiswahili cha ng'ambo kinachomwita dada yaya.

"Yaya, usilie. Kule batu biko. Hata miye ni mutu, nitakaa."

Lori lilimchukua na wengine waliotolewa kwenye nyumba za ufukweni. Alipanda na godoro, sufuria, na kopo moja la mchicha alilokataa kuliacha. Vitenge vyake vizuri alimwachia mama, akasema kambini vitaibiwa. Kabla lori halijaondoka aliinama akamwambia mama jambo moja kwa mkazo: boti zikianza kurudi Katonga, ateremke yeye kumuulizia mumewe na mtoto, asisahau. Mama aliteremka Katonga kwa miezi mingi baada ya hapo, na hakuwahi kurudi na jibu.

Leseni ya baba ilitoka. Ilikuja na mjumbe, asubuhi ya kawaida, kibarazani. Amekaguliwa, sanduku ni imara, watu wote wa nyumba wanajulikana. Baba aliisoma akampa mama, na mama aliirudisha juu ya meza.

"Kwa hiyo bastola inaruhusiwa kulala hapa," akasema.

Kisha akaenda chumbani, akafungua lile sanduku la chuma, akapanga ndani vitenge vya mdogo wake, akafunga kufuli zote mbili. Funguo alizitia kwenye pindo la kanga.

Tulipopata ruhusa ya kumtembelea, tulikwenda watatu, na mafuta ya mawese na dagaa. Barabara ilikuwa mbaya, na baba, ambaye daktari alimkataza safari, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka tukafika. Mama mdogo alikuwa amekonda. Alikuwa anaishi kwenye turubai na wanawake wawili asiowajua, na nje ya turubai, ndani ya kopo la mafuta lenye matundu ya risasi, mchicha ulikuwa umeota vizuri. Alitushika mmoja mmoja mashavu. Aliuliza habari za Katonga, mama akamwambia bado. Aliuliza hali ya mkono wa baba, akauchukua akaukalisha kwenye magoti yake mwenyewe, akaushikilia hapo kana kwamba ni kifaranga.

Kisha akakumbuka, na uso wake ukachangamka.

"Shemeji, ile ya mti mulinunua?"

Leseni ilikuwa mfukoni mwa shati la baba, nilijua, maana aliibeba siku zote siku zile, sijui kwa nini. Baba alimtazama mama, akanitazama mimi. Hakuna aliyemsaidia.

"Bado tunachagua," akasema.

Mama mdogo akafurahi. Akasema vizuri, tusiharakishe, na tusimsikilize yule mzee wa Ujiji na nyeusi zake. Tumngoje arudi nyumbani, tukae mkekani tukitazame tena kile kitabu, ndipo baba anunue. Alitaka baba aahidi, na baba akaahidi.

Leseni iliisha muda wake ndani ya mfuko ule. Mzee wa Ujiji alimwita machimboni mara kadhaa na baba akasema hana nafasi. Kitabu cha picha nilikihifadhi cherehanini Mwanga, kwenye droo ya vifungo, na ule ukurasa wa bastola ya mti nimeukunja kona, tukiwa bado tunamngoja mama mdogo.